Bessie Head: Alizaliwa Hospitali ya Akili, Akaandika Kitabu Kuhusu Wazimu Wake

Wasee wa Muthara wanajua hii mchezo. Unafika Nairobi, unataja kwenu, mtu anasikia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, na base yote inaangua kicheko. Nilikuwa nacheka nao tu. Niliacha nilipomaliza A Question of Power, kitabu cha Bessie Head, nikaanza kufuatilia maisha yake.

Bessie alizaliwa ndani ya hospitali kama hiyo kabisa, Fort Napier, Pietermaritzburg, Afrika Kusini, tarehe 6 Julai 1937. Mamake alikuwa mzungu wa familia yenye doo, amelazwa humo. Babake alikuwa mtu mweusi, na jina lake halikuwahi kujulikana. Kwa Afrika Kusini ya hiyo enzi, hiyo ilikuwa noma. Wazungu waliopewa mtoi walimrudisha walipoona si mweupe. Akalelewa na Nellie Heathcote, chotara, akijua huyo ndiye mamake. Mamake mzazi alikufa 1943, na Bessie alikuja kuambiwa ukweli akiwa tineja kwa shule ya wamishonari. Kwenye kitabu, mwalimu mkuu anampa Elizabeth hiyo habari na onyo juu yake: ajichunge, asije akachizi kama mamake. Sasa fikiria kuambiwa hivyo na wewe ni mtoto. Kila ukikasirika, wanakuangalia kwa jicho hilo.

Alifunza, akaandika magazeti, akaolewa na Harold Head, wakapata kijana, Howard, 1962. Ndoa ikagonga mwamba. Mwaka 1964 alichukua karatasi ya kutoka Afrika Kusini bila ruhusa ya kurudi, akaenda na mtoto hadi Serowe, Botswana. Kazi ya ualimu ikaisha vibaya. Mkimbizi, peke yake, Setswana haishiki. Manze, hapo hata mimi ningechanganyikiwa.

Aliandika tu. Riwaya ya kwanza ilitoka mwisho wa miaka ya 60, na Maru 1971. Lakini usiku kichwa kilikuwa kinamsumbua, na siku moja akabandika karatasi posta ya Serowe ikimshutumu Rais Seretse Khama mambo mazito sana. Alipelekwa hospitali ya akili ya Lobatse, 1971, akakaa miezi kadhaa.

Alipotoka, akageuza hayo yote kuwa kitabu, 1973. Ni kigumu, sitakudanganya. Wanaume wawili, Sello na Dan, wanamtesa Elizabeth usiku kucha akilini, na hujui kipi ni kweli. Asubuhi anaamka anaenda shamba. Yeye na jirani, Kenosi, wanapanda mboga na yale matunda madogo ya manjano yanayojifunika ganda kama karatasi, wanapika jamu, wanauza. Mimi kurasa za shamba ndizo nilirudia. Mtu yule kijiji kizima kinamwona mwendawazimu ndiye huyo anahesabu mikebe ya jamu, na hakosei.

Uraia wa Botswana alikataliwa kwanza, akapewa 1979. Alifariki Serowe tarehe 17 Aprili 1986, ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 48. Afrika Kusini ilimpa nishani ya Ikhamanga 2003, miaka 17 baadaye.