Brahmagupta, Mwana wa Jishnu

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu, tumeona inafaa kumtaja mtaalamu ambaye hesabu zake hutumika kila siku katika maduka ya Mji Mkongwe, ingawa wanaolijua jina lake ni wachache. Naye ni Brahmagupta.

Alizaliwa mwaka 598, akaishi Bhillamala, mji ambao leo huitwa Bhinmal, katika Rajasthan, jirani na Gujarat walikotoka mababu wa wengi wetu. Mwaka 628, akiwa na umri wa miaka 30, alikamilisha Brahmasphutasiddhanta, kitabu cha mashairi juu ya elimu ya nyota na hesabu.

Humo alifundisha kwamba anayegawanya kwa sehemu na aigeuze sehemu ile, kiasi kiwe chini na asili iwe juu, kisha azidishe. Wazee wetu wa Unguja waliitenda kanuni hiyo kwa mikono yao. Pishi moja ni vibaba vinne; kibaba, basi, ni robo ya pishi. Mwenye pishi 6 za mchele akitaka kuzipima kwa vibaba, hugawanya 6 kwa robo, yaani huzidisha 6 kwa 4, akapata vibaba 24. Robo na nne ni kinyume cha kuzidisha, kila moja kwa mwenziwe: zikizidishwa pamoja huleta moja. Na moja ndiyo namba isiyobadilisha kitu. Namba yoyote ikizidishwa kwayo hubaki vile vile.

Brahmagupta aliiwekea kanuni sifuri pia, akaihesabu kuwa namba miongoni mwa namba. Lakini alisema kuwa sifuri ikigawanywa kwa sifuri huwa sifuri, na hapo hakupatia. Sifuri haina kinyume, kwa kuwa kila kizidishwacho nayo huwa sifuri, wala hakifikii moja kamwe. Hatulitaji hilo kumvunjia heshima. Mfungua njia hujikwaa kwa niaba ya wanaomfuata. Naye hakuacha kazi: mwaka 665, akiwa na miaka 67, aliandika Khandakhadyaka.

Zama za Khalifa al-Mansur, elimu hiyo ya Kihindi ilifika Baghdad, ikafasiriwa kwa Kiarabu. Neno shunya, yaani utupu, likawa sifr, nasi tukalipokea kuwa sifuri. Kwa hiyo watoto wetu na watoto wa majirani zetu Waislamu, wanapogeuza sehemu katika madaftari yao, wanakula urithi mmoja uliopita katika mikono ya wazee wa pande zote mbili.