Fanny Crosby, Mama wa Nyimbo

Usinipite Mwokozi, wimbo tuupendao sana kwayani, ulitungwa na mama asiyeona. Fanny Crosby alizaliwa mwaka 1820 katika jimbo la New York, Marekani. Alipofuka akiwa na majuma sita. Kabla hajatimiza mwaka babake akafariki, mamake akaenda kuajiriwa kazi za nyumbani. Nyanya yake ndiye aliyekuwa macho yake. Baadaye yeye na mumewe, mwanamuziki kipofu pia, walizika mtoto wao wa pekee, angali mchanga. Hakuacha kutunga. Beti zote alizipanga kichwani, kisha mtu akamwandikia (nasi tushikao vitabu tushangae!). Nyimbo zake zapita 8,000. Uzeeni bado aliwatembelea maskini na walevi wa mjini New York. Alifariki mwaka 1915, akiwa na miaka 94.