Joseph Wolpe: Daktari wa Johannesburg aliyefundisha wataalamu kuitibu hofu hatua kwa hatua

Mtu akivunjika mguu kila mmoja anaona. Lakini mtu aliyeumizwa na hofu, anayeshtuka kila mlango ukigongwa, mara nyingi huambiwa ajikaze tu. Joseph Wolpe, daktari kutoka Afrika Kusini, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba hofu ya namna hiyo ina tiba, na kwamba tiba hiyo inaweza kufundishwa.

Askari wasio na jeraha

Wolpe alizaliwa Johannesburg tarehe 20 Aprili 1915, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alihudumu katika jeshi la Afrika Kusini kama daktari. Huko alikutana na askari waliorudi na kiwewe cha vita. Mwili ulikuwa mzima, lakini amani ya moyo haikuwepo.

Wakati huo wagonjwa hao walipewa dawa ya kuwalegeza ili wasimulie yaliyowapata. Wolpe aliona kwamba nafuu haikudumu. Hapo akaanza kutafuta njia nyingine.

Funzo kutoka kwa paka

Baada ya vita alirudi chuoni kufanya utafiti. Aliwatia paka hofu kwa kuwapiga shoti ndogo za umeme ndani ya kizimba, hadi wakakataa kula humo hata wakiwa na njaa. Kisha akawalisha mbali, katika chumba kisichofanana sana na kile cha kwanza. Walipozoea, aliwasogeza karibu kidogo, halafu karibu zaidi, mpaka wakala tena ndani ya kizimba bila woga.

Hakuwa wa kwanza kugusa jambo hilo. Mwaka 1924 Mary Cover Jones wa Marekani alieleza jinsi mtoto aliyeogopa sungura alivyosaidiwa kwa kusogezewa mnyama huyo kidogo kidogo huku akila chakula anachokipenda.

Kwa binadamu, Wolpe alitumia kulegeza misuli badala ya chakula. Mgonjwa alifundishwa kutulia, kisha akapanga hofu zake kama ngazi, kuanzia ndogo hadi kubwa. Akiwa ametulia, alivuta picha ya hofu ndogo akilini. Ikishapoa, alipanda kipago kinachofuata. Ili daktari ajue mgonjwa yuko wapi, Wolpe alimwomba ataje ukubwa wa hofu yake kwa namba, kutoka 0 hadi 100.

Mwaka 1958 alitoa kitabu chenye taarifa za wagonjwa wapatao 210. Alisema karibu 9 kati ya kila 10 walipona au walipata nafuu kubwa. Wakosoaji walimkumbusha kwamba hakuwalinganisha na wagonjwa wengine ambao hawakupata tiba hiyo. Watafiti wengine walifanya ulinganisho huo katika miaka ya 1960, na njia yake ikaonekana kufanya kazi.

Mgonjwa mgumu

Mwaka 1960 Wolpe alihamia Marekani, katika Chuo Kikuu cha Virginia. Miaka miwili baadaye alichapisha habari za mwanamke aliyeogopa magari baada ya gari alilopanda kugongwa ubavuni na lori kwenye makutano ya barabara.

Kwa haraka, mtu angesema mama huyu anaogopa kusafiri. Wolpe alimhoji kwa makini na kugundua kwamba barabara ya shambani haikumsumbua, wala gari lililokuja mbele yake. Hofu ilikuwa kwa gari linalotokea ubavuni. Hata hivyo, picha za kawaida za barabarani zilikuwa nzito mno kwake. Ikabidi Wolpe abuni uwanja wa kufikirika, ambamo gari lilianza kwa kusogea mbali na taratibu kabisa. Tiba ilichukua vikao 57, na mama akaweza tena kupita mjini kwenye gari.

Hapa ndipo lilipo somo lake kubwa kwa waliojifunza tiba. Watu wawili wanaweza kupewa jina moja la ugonjwa, lakini chanzo kikawa tofauti. Mtaalamu asiyechunguza kwanza atapanga ngazi isiyo sahihi, kisha atamlaumu mgonjwa kwamba hatibiki.

Wanafunzi na ubishi

Tangu Johannesburg, Wolpe alikuwa na wanafunzi waliokuja kujulikana. Stanley Rachman alikwenda kufanya kazi London, na Arnold Lazarus akaenda Marekani. Kuanzia 1965 Wolpe alifundisha Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, ambako wataalamu walikwenda kujifunza tiba ya tabia.

Katika mji huo huo Aaron Beck alikuwa akijenga tiba inayochunguza fikra za mgonjwa. Wolpe aliipinga. Aliona kwamba hofu nyingi zimejengeka kwa mazoea ya mwili, si kwa mawazo potofu peke yake. Lazarus naye aliachana na msimamo wa mwalimu wake, akataka tiba pana zaidi. Mwishowe njia hizo mbili zilikutana, na leo wengi hufundishwa tiba ya fikra na tabia kwa pamoja.

Wolpe alifariki Los Angeles tarehe 4 Desemba 1997, akiwa na umri wa miaka 82.

Linalotuhusu

Kama wewe au ndugu yako anasumbuliwa na hofu baada ya ajali, vita au kushambuliwa, kujikaza si tiba. Ukifika kwa mhudumu wa afya, eleza hofu inakuja lini, wapi na mbele ya nini, na pia ni wapi haiji kabisa. Maelezo hayo madogo ndiyo yanayomwonyesha mtaalamu pa kuanzia.