Siti binti Saad na CD iliyogoma studioni

Wiki chache zilizopita mzee mmoja wa Tengeru alituletea CD ndani ya bahasha ya kaki. Ilikuwa na nyimbo za Siti binti Saad, zilizonakiliwa kutoka santuri za marehemu baba yake. Santuri zenyewe zilivunjika zamani wakati wa kuhama nyumba, na CD hiyo aliyochomewa na mpwa wake ndiyo nakala pekee iliyobaki. Tulimwahidi kuzipiga hewani Ijumaa. Tukaiweka kwenye kompyuta kuukuu ya studio, ile iliyounganishwa na mitambo tangu kabla ya flashi kuingia mjini. Ikaizungusha mara tatu, ikaitema.

Kabla ya kusema tulifanyaje, tumtaje vizuri mwenye sauti, maana vijana wengi wa Arusha na huku mlimani wanalijua jina tu.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia maskini yenye asili ya bara, Wanyamwezi na Wazigua. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa, na halikuwa la utani: wazazi wake walitoka katika utumwa. Mama yake alifinyanga vyungu. Binti alivibeba kwenda kuviuza mjini, akiimba njiani ili wanunuzi wasikie kwamba anakuja. Mwaka 1911 alihamia mjini kabisa na kujifunza kuimba kwa wanamuziki wa huko. Wakati ule taarabu ilikuwa starehe ya jumba la Sultani, na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaimba kwa Kiswahili, na wachukuzi na wauza samaki wakaelewa kila neno. Wapinzani walimsema kwa sura yake na kwa ukoo wake. Aliendelea kualikwa, hata kwenye majumba ya wakubwa.

Machi 1928 yeye na wapigaji wenzake walipanda meli kwenda Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya HMV. Taarabu haina haraka, lakini upande mmoja wa santuri wa siku zile, ukizunguka mara 78 kwa dakika, ulibeba dakika kama tatu tu. Wimbo ilibidi ufupishwe utoshe. Sauti ilichorwa kwenye nta, nta ikatoa chapa ya chuma, na chapa ikagandamiza santuri nyingi zinazofanana. Kufikia 1931 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya nakala 70,000. Asiye na gramafoni alikwenda mkahawani, akaagiza kahawa na kusikiliza.

Walisikiliza pia habari. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia kesi ya kweli ya Unguja: mwanamke mgeni aliuawa, muuaji akatorokea bara, na waliofungwa ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Mwanamke ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa aliisema mahakama ya wakoloni, na santuri zikabeba maneno. Sisi tunaosoma taarifa za habari kila siku tunajua hilo si jambo dogo.

Sasa turudi kwenye CD ya mzee. CD ya kiwandani nayo hugandamizwa kwa chapa, kama santuri. Kompyuta huimulika kwa mwanga wa leza, na angalau asilimia 70 ya mwanga hurudi. CD ya kuchoma nyumbani haina vishimo vya chapa. Leza hubadilisha tabaka lililo ndani yake. Ile iliyoandikwa CD-RW, inayofutika na kuchomwa tena, hurudisha kama asilimia 15 hadi 25 tu. Mashine nyingi za zamani hazioni kitu hapo. Tulipoigeuza ya mzee, kweli, CD-RW.

Fundi mmoja mjini aliisoma kwa kompyuta mpya zaidi, akahifadhi nyimbo zote, kisha akazichoma upya kwenye CD-R ya kawaida. Tulimwomba mambo matatu: achome kwa kasi ndogo, aichome kama CD ya muziki na siyo ya mafaili, na aifunge mwishoni, kwa sababu CD iliyoachwa wazi nayo hugomewa. Ukitaka kufanya hivyo nyumbani, usiiache CD juani wala kwenye dashibodi ya gari, na weka nakala nyingine kwenye flashi.

Siti alifariki Julai 1950. Shaaban Robert alimwandikia kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad, na Bi Kidude aliendeleza nyimbo zake hadi karne hii.

Ijumaa kompyuta kuukuu iliizungusha CD mara moja tu, ikaisoma. Nyuma ya sauti ya Siti kulikuwa na mkwaruzo wa santuri za baba yake mzee. Tuliuacha.