Apolo Kivebulaya, mzee aliyevusha vitabu mpaka Boga

Hapa Kamanyola tumezoea kuwaona. Mtu anashuka kwenye gari la Bukavu na mfuko begani, anapita sokoni akiuza Biblia, vitabu vya nyimbo na vikaratasi vya dini, kisha anaendelea Uvira. Kazi hii ya kutembeza vitabu ina wazee wake. Mmoja wao aliingia Ituri kutoka Uganda mwaka 1896, jina lake Apolo Kivebulaya.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Alipitia Uislamu, akabeba bunduki vitani, akabatizwa mwaka 1895. Kwao wakati ule Mkristo aliitwa msomaji, na vitabu havikugawiwa bure: mtu alinunua Injili yake kwa kauri, pesa ya siku zile. Biblia ya Luganda ilichapwa nene na nyembamba upande, ipate kuingia ndani ya bati la biskuti, mchwa wasiile.

Apolo akavuka mto Semliki, akafika Boga. Chifu Tabaro hakupenda mafundisho yake juu ya pombe na wake wengi, watu wakakatazwa kumuuzia chakula. Kumbe mgeni alikuja na jembe! Akalima. Dada ya chifu alipokufa kwa ajali ya mkuki, Apolo akasingiziwa, akafungwa minyororo, akapelekwa buloko kule Toro. Alipoachiliwa akarudi palepale Boga, na mwishowe Tabaro mwenyewe akabatizwa.

Lakini kuna jambo ambalo watu hawalisemi sana. Vitabu vya kwanza vilikuwa vya Luganda. Mtu wa Boga alipaswa kwanza kujifunza lugha ya wengine ndipo aelewe kitabu alichoshika mkononi. Baadaye vikaja vya Lunyoro, ikawa nafuu. Wambuti wa msituni, wao, hawakuwa na hata ukurasa mmoja.

Mwaka 1910 mpaka ulipangwa upya, Boga ikabaki upande wa Wabelgiji. Apolo, aliyekuwa padri huko Toro, akarudi Boga, na sasa akawafuata Wambuti msituni. Akiwa tayari mzee, akahangaika mpaka Injili ya Marko ikatafsiriwa katika lugha yao.

Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ya kwao ilitaka azikwe kichwa kikielekea mashariki, upande wa Buganda. Yeye aliagiza kielekezwe magharibi, kwenye msitu.