Mobutu: mwandishi wa habari aliyeshindwa na habari ya Kasapa

Wanafunzi wengi wanaosoma leo kwenye kampasi ya Kasapa, Lubumbashi, walizaliwa baada ya kifo cha Mobutu Sese Seko. Lakini jina lake halijatoka mahali pale, kwa sababu ya usiku mmoja wa Mei 1990 na hesabu ya wafu ambayo watu hawajakubaliana juu yake hadi sasa.

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1930 huko Lisala, jimbo la Equateur. Baba yake, aliyekuwa mpishi, alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Wamisionari wa Coquilhatville, ambayo leo ni Mbandaka, walimfukuza shuleni, naye akaingizwa jeshini, katika Force Publique. Huko alijifunza kazi ya ofisi. Akiwa bado na sare ya askari, alianza kutuma makala kwenye magazeti akitumia jina la De Banzy.

Alipoacha jeshi mwaka wa 1956, alishika kalamu kwelikweli. Alifanya kazi kwenye gazeti L'Avenir la Léopoldville, kisha akaongoza Actualités Africaines, gazeti la kila wiki lililoandikwa kwa ajili ya Wakongo. Ni katika miaka hiyo alipozoeana na Patrice Lumumba. Mwaka wa 1958 alifika Bruxelles wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Bila kalamu, pengine sajini huyo asingejulikana na wanasiasa.

Yaliyofuata yanajulikana: mkuu wa majeshi mwaka wa 1960, kisha Raisi kuanzia tarehe 24 Novemba 1965.

Mtu aliyekula mkate wa magazeti alijua nguvu zake, na ndiyo maana hakutaka yabaki mikononi mwa wengine. Nchi ilibaki na shirika moja la habari, AZAP, na magazeti machache yaliyopewa majina mapya: Salongo na Elima kule Kinshasa, Mjumbe na Taifa hapa Lubumbashi. Kwenye televisheni, uso wake ulionekana ukishuka kutoka mawinguni kabla ya taarifa ya habari. Mwanzoni mwa 1975, kwa majuma kadhaa, ilikatazwa kutaja jina la kiongozi mwingine yeyote. Wakubwa wengine walitajwa kwa cheo tu.

Magazeti ya ng'ambo hayakuwa chini ya amri yake. Mwishoni mwa 1988, magazeti ya Ubelgiji yalipoandika juu ya mali yake, alikasirika hadi akawaamuru Wazairwa wauze nyumba zao za Ubelgiji. Ugomvi ulitulizwa Rabat, Morocco, mwaka wa 1989.

Tarehe 24 Aprili 1990, akiwa N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, machozi yakimlengalenga. Wanafunzi walichukua neno hilo kama ruhusa ya kusema. Kasapa, vijana waliwapiga wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi wa serikali. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, umeme ulikatwa, na watu wenye silaha wakaingia mabwenini.

Serikali ilikubali kifo kimoja tu. Magazeti ya Ubelgiji yalizungumzia makumi, mengine mamia, bila mtu aliyeweza kuonyesha maiti na kuzihesabu. Haki inataka isemwe kwamba idadi hizo za nje nazo hazikuthibitishwa. Lakini nani angethibitisha? Lubumbashi haikuwa na gazeti huru lililozoea kutuma mwandishi hospitalini, makaburini na kwa wazazi. Mobutu mwenyewe alikuwa amehakikisha halipo. Hivyo neno la serikali, hata kama lingekuwa na ukweli ndani yake, lilisikika kama tangazo jingine la AZAP.

Ubelgiji ilisimamisha misaada na kudai uchunguzi wa kimataifa. Mobutu alikataa, akafukuza mamia ya Wabelgiji waliokuwa wakifanya kazi za ushirikiano, na kufunga konsula zao, ile ya Lubumbashi pia. Mwaka uliofuata gavana wa Shaba na maafisa wengine walifikishwa mahakamani juu ya mambo ya Kasapa. Familia nyingi hazikuona kwamba waliohukumiwa ndio waliotoa amri.

Wafadhili wengine waliiga Ubelgiji. Kinshasa, magazeti mapya yalimchambua kila asubuhi, naye akahamia zaidi Gbadolite, mbali na wauza magazeti. Mei 1997 alikimbia mbele ya majeshi ya AFDL. Alifariki tarehe 7 Septemba mwaka huohuo huko Rabat, na huko ndiko alikozikwa. Orodha ya wafu wa Kasapa ambayo pande zote zingeikubali haijachapishwa.