Ferdinand Stahl: Raia wa Mbinguni Miongoni mwa Waaymara

Soma kwa ajili ya somo hili: Yeremia 29:4–7, Mika 6:8, Luka 10:25–37, Wafilipi 3:20.

Je, mtu ambaye wenyeji wake uko mbinguni ana wajibu wowote kwa nchi asiyozaliwa? Maisha ya Ferdinand Stahl yanatusaidia kulijibu swali hili.

Stahl alizaliwa Michigan, Marekani, mwaka 1874. Mkewe, Ana, alikuwa mzaliwa wa Sweden. Wote wawili walikuwa wauguzi. Mwaka 1909 walijitoa kwenda Amerika ya Kusini, wakajilipia nauli wao wenyewe pamoja na watoto wao wawili. Walianzia Bolivia, na mwaka 1911 wakahamia Platería, nchini Peru, kando ya Ziwa Titicaca, mahali palipo juu ya mita 3,800 kutoka usawa wa bahari.

Huko waliishi Waaymara, wenyeji wa nchi ambao hawakuhesabiwa kitu katika nchi yao wenyewe. Wengi walifanya kazi katika ardhi ya wenye mashamba makubwa, na pombe ilikuwa imewaharibu. Sheria ya Peru ilimnyima kura mtu asiyejua kusoma na kuandika, na karibu Waaymara wote hawakujua. Mmoja wao, Manuel Camacho, alikuwa ameanza kuwafundisha wenzake kusoma kabla Stahl hajafika, naye alipingwa vikali kwa ajili hiyo. Ni Camacho aliyewaomba Waadventista waje kumsaidia. Kwa hiyo Stahl hakuja kuanzisha kiu ya elimu, aliikuta, akaiheshimu.

Ferdinand na Ana waliingia katika vibanda vya wagonjwa, wakawaosha, wakawafunga majeraha. Walifundisha usafi, kiasi, kusoma na Neno la Mungu. Shule moja ikazaa nyingine, hata zikawa makumi kuzunguka ziwa, na walimu wengi wakawa Waaymara wenyewe.

Mwenye kunyonya hufaidika na ujinga wa anayenyonywa. Ndiyo maana upinzani haukukawia. Tarehe 3 Machi 1913, Stahl akiwa hayupo, askofu wa Puno alifika Platería pamoja na kundi kubwa la watu. Wenyeji walipokataa kumpigia magoti, Camacho na wenzake kadhaa walikamatwa, wakatembezwa kwa miguu kiasi cha kilomita 30 hadi gerezani Puno.

Kisa hicho kilitikisa taifa. Katiba ya Peru ilikuwa inakataza ibada ya hadharani ya dini yoyote isipokuwa ya Kikatoliki. Mahakama iliwaachilia wafungwa, na hoja ya kuibadili katiba ikapelekwa bungeni. Mwezi Novemba 1915 katazo hilo likaondolewa. Tukumbuke kwamba wengi wa wabunge hao walikuwa Wakatoliki; dhamiri zao ziliguswa na dhuluma iliyotendwa kwa wanyonge. Tena uhuru uliopatikana haukuwa wa Waadventista peke yao. Ukawa wa kila mtu nchini Peru, hata wa yule asiyekubaliana nao.

Katika miaka ya 1920 Stahl na mkewe waliondoka milimani, wakashuka kwenda kuwahudumia watu wa misitu ya Amazoni. Ferdinand alifariki mwaka 1950.

Stahl hakugombea cheo wala kuongoza chama cha siasa. Alitibu, akafundisha, akahubiri marejeo ya Yesu. Lakini mtu aliyefundishwa kwamba ameumbwa kwa mfano wa Mungu hawezi tena kuinama kama mtumwa, na hapo ndipo sheria za nchi zilipolazimika kubadilika. Tumaini la mbinguni halikumpunguzia Stahl mzigo wa dunia. Lilimpa nguvu za kuubeba.

Maswali ya Kujadili:

1. Yeremia aliwaagiza mateka wautafute usitawi wa mji waliohamishiwa. Agizo hilo linahusuje kanisa leo?

2. Stahl alijiunga na kazi ambayo Camacho alikuwa ameianza. Je, katika jamii yenu kuna jambo jema lililoanzishwa na wengine ambalo kanisa lenu lingeweza kulisaidia?

3. Kwa nini ni lazima tutetee uhuru wa dhamiri hata wa watu wa imani nyingine? Je, mko tayari kufanya hivyo mahali ambapo ninyi ndio wengi?